Gunia Lililorudi Kavu

Dove Creek, Colorado
6 Januari 1984

Mdogo wangu Dwain,

Ndani ya kifurushi hiki kuna mkebe wa kahawa, lakini usitafute kahawa. Ni maharage ya marehemu Baba, yale ya madoa mekundu aliyoyapa jina la Mama. Punje mia mbili za Opal, nimezichagua moja moja mezani huku Mama akinisimamia kama mnyapara. Kila nikitupa moja, anaiokota na kusema hata hii ina haki yake.

Narudia mambo yalivyo, usije ukasema sikukwambia. Kamati ya mbegu inakaa tarehe ishirini Machi. Tangu magazeti yaanze kelele kwamba tabaka la ozoni linalotukinga na jua linapungua, mwenyekiti wetu Thurl Ketchum ameshikia bango kwamba mbegu mpya haiingii kwenye orodha bila kupimwa kwa mionzi ya jua. Opal ikiingia, itapandwa na kuuzwa kwa jina lake. Isipoingia, ghala wamesema msimu ujao hawaitengi tena. Itamwagwa kihenge kimoja na maharage ya kila mtu, na hapo miaka thelathini ya Baba imekwisha. Uliposema kituo chenu cha utafiti kinapima aina ishirini za maharage na kwamba utaiweka Opal iwe ya ishirini na moja, Mama alilia. Mimi sikulia, nilikwenda kulisha kuku.

Kuna na gunia. Ni lile la Baba lenye alama ya jembe. Unalikumbuka? Ulikuwa na miaka tisa, ukapalilia kutwa nzima bila shati ili uonekane mwanamume, mgongo ukatoka malengelenge. Baba alililowesha gunia hilo akakufunika nalo, na kila likikauka akalimwagia maji. Basi hizo taa zenu zikiyachoma maharage, uyafunike na gunia lililolowa, siku mbili tu. Najua wewe ni msomi na utacheka. Cheka, lakini funika.

Dada yako,
Verla

*

Maryland
29 Januari 1984

Dada Verla,

Mkebe umefika, na nimecheka kama ulivyotabiri. Opal zimeota zote isipokuwa nne. Tumeziweka zenyewe tu chumba cha nne, maana vingine vimejaa. Usifikirie chumba cha kulala. Ni kama friji kubwa, mtu anaweza kusimama ndani. Juu kumepangwa taa nyeupe za kutengeneza mchana, na katikati yake taa za urujuanimno, yaani ile mionzi isiyoonekana inayobabua ngozi. Tunaziwasha zote pamoja tuone nani ataungua na nani atavumilia.

Anayemwagilia vyumba vyote ni Bi Ozella Pruitt, ambaye anazungumza na mimea kuliko anavyozungumza na sisi madaktari wa mimea. Opal tayari ameziita "watoto wa milimani". Gunia nimempa alitunze.

Nikichelewa kujibu usininunie. Mkuu wa idara anastaafu na jina langu linatajwa kwa nafasi yake. Jedwali hili la maharage ndilo litakalosema kama ninafaa, hasa kwa ajili ya namba sitini na moja, aina ambayo kituo kimeizalisha kwa miaka minane na kila mkubwa hapa anaiona kama mtoto wake.

Mwambie Mama nimeiota pai yake ya tufaha.

Dwain

*

Dove Creek
17 Februari 1984

Dwain,

Hujaandika, lakini nimekuzoea. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Nyonga ya Mama inamsumbua, na anasema ni hali ya hewa, wala si uzee.

Juzi pale posta Ketchum aliniambia mbele ya watu wote, "Verla, mdogo wako akisema ndiyo, mimi ni nani niseme hapana?" Wiki nzima natembea kichwa juu. Hata kuku wameona tofauti.

Watoto wa milimani hawajambo? Andika hata mstari mmoja.

Verla

*

Maryland
9 Machi 1984

Dada Verla,

Jaribio limekwisha. Nakala ya jedwali nimempelekea Bwana Ketchum moja kwa moja, kama kamati ilivyoomba.

Opal imekuwa ya mwisho kati ya aina ishirini na moja. Majani yaligeuka rangi ya shaba, yakakunjamana, na mimea ikabaki nusu ya kimo chake. Namba sitini na moja imekuwa ya kwanza.

Najua hii siyo habari uliyoitaka. Jedwali halichagui ndugu.

Msalimie Mama.

Dwain

*

Dove Creek
23 Machi 1984

Dwain,

Wameikataa. Mikono saba juu, hakuna hata mmoja wa kupinga. Ketchum alisoma jedwali lako taratibu, akafika mwisho kabisa, akasema, "Hii hapa ya chini ndiyo ya Verla." Kisha akaniangalia kama mtu anayeangalia gari lililogongwa. Alisema kama ingekuwa karatasi ya mtu mwingine wangenipa mwaka mwingine, lakini hii imeandikwa na mtoto wa mwenye mbegu.

Nimekaa siku tatu nikiwaza, na sasa nakuuliza kama mkulima tu. Sikulaumu. Hapa tupo karibu futi elfu saba juu ya usawa wa bahari. Jua la hapa linachubua rangi ya trekta. Ukisahau kofia, jioni pua haiguswi. Opal imesimama chini ya jua hilo miaka thelathini, na jani la rangi ya shaba sijawahi kuliona, wala Baba hakuwahi kulitaja. Sasa hizo taa zenu zina nini ambacho jua letu halina?

Verla

*

Maryland
31 Machi 1984

Dada Verla,

Umeuliza swali zuri, bora kuliko mengi ninayoulizwa hapa, na nitakujibu sawasawa.

Mionzi ya urujuanimno inaharibu vitu vidogo mno ndani ya jani, vile vinavyobeba maagizo yote ya uhai wake. Lakini kila jani lina fundi wake wa kurekebisha uharibifu huo, na fundi huyo hafanyi kazi gizani. Anahitaji mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, hasa ule wa buluu. Mwanga huohuo ndio unaolisaidia jani kujitengenezea rangi za kujikinga. Huko kwenu jua kali linakuja na vyote viwili, linachoma na kuponya kwa pamoja. Jani likichomwa kisha likanyimwa mwanga, kidonda chake kinabaki wazi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikutaka kuliandika. Ulituma gunia. Bi Ozella ni mtu mwema, na nilikuwa nimemsomea barua yako. Majani yalipoanza kubadilika alizifunika Opal na gunia lililolowa, siku mbili, kama ulivyosema. Nilipogundua, muda ulikuwa umepita. Gunia ndilo lililomnyima fundi mwanga.

Simlaumu yeye, wala wewe. Lakini jaribio limeshaandikwa na haliwezi kurudiwa. Nakushauri pia usimwambie Ketchum. Kamati itasema uliingilia kipimo, na jina la Baba litachafuka bure.

Dwain

*

Dove Creek
8 Aprili 1984

Mdogo wangu,

Kumbe ni mimi.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kubishana, sijapaona. Kile ambacho Baba alikufanyia kwa upendo, mimi nimekirudia kijinga nikaua kazi yake. Hata sijui nicheke au nilie. Miaka yote hii najiita mkulima, na sikujua kwamba jani haliuguzwi kama mtoto.

Nimemwambia Mama. Nilimwomba msamaha nimepiga magoti jikoni, mimi mwenye miaka hamsini na minne. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho, aliendelea tu kumenya hadi sufuria ikajaa viazi vya watu kumi, na tuko wawili. Baadaye akanishika kichwa akasema, "Yamepita, Verla." Hayajapita. Usiku anaamka na kwenda kuukagua mkebe wa mbegu zilizobaki.

Nisamehe kwa kukusumbua na maswali wakati kosa lilikuwa langu. Kwa Ketchum sitasema neno. Bi Ozella nimemwandikia mwenyewe kumwomba radhi kwa kumtia kwenye balaa, na nimemtumia chupa mbili za jamu ya aprikoti.

Verla

*

Maryland
24 Aprili 1984

Mpendwa Bi Verla,

Hatujuani. Mimi ni Ozella Pruitt, ninayemwagilia. Jamu nimeipokea, na mume wangu ameshamaliza chupa moja kwa kijiko, Mungu amsamehe. Lakini radhi yako siwezi kuipokea kwa sababu hujanikosea kitu.

Gunia lako sikuliweka juu ya mmea wowote. Barua yako hakuna aliyenisomea. Dokta Dwain alinipa gunia akasema ni kumbukumbu ya baba yake, nikalikunja nikaliweka kabatini kwangu, nalo limekaa humo tangu Januari. Nakurudishia. Lipapase mwenyewe, ni kavu, halijaonja maji ya hapa. Linuse, bado lina vumbi la kwenu.

Nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu na si zaidi. Tarehe sita Februari taa nyeupe za chumba cha pili zilianza kufa. Humo ndimo ilimokuwa namba sitini na moja. Taa mpya zilikuwa hazijaja. Dokta alipanda ngazi akazitoa za chumba cha nne kuzipeleka cha pili, na mimi ndiye niliyeshika ngazi. Kati ya thelathini na mbili aliacha nne. Zile za urujuanimno hakuzigusa, ziliendelea kuwaka vilevile. Nikamwambia, "Dokta, hawa watoto wa milimani watateketea. Wanachomwa na hawaoni mchana." Akasema, "Siku mbili tu, Ozella." Zikawa ishirini na tatu.

Kila asubuhi niliandika kwenye kadi ya mlangoni, taa nyeupe nne tu. Jaribio lilipokwisha nikakuta kadi mpya imebandikwa, safi, haina mwandiko wangu. Ile ya kwanza niliiokota kwenye kapu la taka. Imo ndani ya gunia.

Nilinyamaza, mama. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, na nikajiambia mambo ya wasomi hayanihusu. Lakini nimemwagilia hapa miaka ishirini na sita, sijaua hata nyasi. Leo niandikwe kwamba nimeua maharage ya mjane wa watu? Hapana. Hilo silali nalo.

Wako katika Bwana,
Ozella Pruitt

*

Dove Creek
30 Aprili 1984

Dwain,

Gunia limerudi. Ni kavu.

Fundi wa jani umeshanieleza vizuri sana. Sasa nieleze habari za ngazi.

Verla

*

Maryland
12 Mei 1984

Dada Verla,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana.

Ni kweli. Nilizitoa taa. Nilidhani ni siku mbili, nakuapia. Halafu mkuu wa idara akapita na wageni, wakaisifu namba sitini na moja, na taa mpya zikazidi kuchelewa. Kila siku nilijiambia kesho nitazirudisha. Jaribio lilipokwisha nilijua safu ya Opal haina maana, na kwamba ilipaswa kufutwa. Lakini kuifuta ningelazimika kueleza sababu, na sababu ilikuwa mimi. Kadi nilibadilisha mimi. Habari ya gunia niliizua kwa sababu uliniuliza swali la kweli na sikuwa na jibu lingine.

Kuna jambo jingine, nitalisema mara moja tu. Asubuhi nikiziona Opal zimekunjamana, kuna kitu ndani yangu kilichofurahi. Shamba ulipewa wewe. Maharage yalipewa jina la Mama. Mimi nilipomletea Baba shahada yangu, aliitazama akasema "karatasi nzuri", akarudi kuchambua mbegu zake. Hizohizo. Hakuwahi kuniuliza ninafanya kazi gani.

Uamuzi wa nafasi ni tarehe nane Juni. Nikiipata, vuli nitalirudia jaribio, taa zote zikiwaka, na nitaandika masahihisho mwenyewe. Opal itakuwa imechelewa msimu mmoja tu. Nisipoipata kwa sababu hii, sitapata kazi ya utafiti popote tena.

Nakuomba kama mdogo wako, jambo hili libaki kati yetu. Ichome barua hii. Na usimwambie Mama.

Dwain

*

Dove Creek
4 Juni 1984

Dwain,

Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa tunapanda.

Nianze na Baba. Unafikiri mimi alinipa nini? Miaka ishirini nimelima naye, na neno kubwa nililowahi kupewa ni "mistari imenyooka". Alikuwa bahili wa maneno hata kwa Mama, ndiyo maana akampa maharage. Kama ulikuwa na donge naye, ungekuja hapa ukanipigia kelele uwanjani, ningekupigia na mimi, tukamaliza. Opal ilikukosea nini?

Ila sikiliza kinachoniuma, maana huenda umekosea ukadhani ni taa. Taa ningekusamehe kabla ya chakula cha jioni. Ulikosea, uliogopa, basi. Lakini uliniuza mchana kweupe, na gunia la Baba ndilo ulilonifungia. Ulijua nitaamini, kwa sababu kila ulichoniambia tangu uende shule nimekiamini. Nilimpigia Mama magoti kwa kosa lako, naye akanisamehe, Dwain. Mama amenisamehe kwa jambo ambalo sikulifanya, na wewe ulijua, ukaniandikia kwamba hunilaumu! Sijawahi kusalitiwa hivi na mtu yeyote, na niliwahi kuolewa na Vernon Sipes.

Hukutaka nimwambie Mama. Nimemsomea barua yako yote, kuanzia tarehe mpaka jina. Nilipofika "usimwambie Mama", akaniambia nirudie hapo. Nikarudia.  Kisha akasema, "Peleka kwa Thurl Ketchum. Na usiruke kitu."

Nilimuuliza Bi Ozella kwanza, kwa simu, maana ni yeye atakayeumia. Akasema, "Toa kila kitu, mama, nimechoka kukibeba."

Alhamisi kamati ilikaa. Nilisimama nikaisoma barua yako, na kile kipande cha kwamba ulifurahi sikukiruka. Kadi ya Bi Ozella ikazunguka mezani mkono kwa mkono. Ketchum alivua kofia. Uamuzi wa Machi wameufuta. Opal itapimwa kiangazi hiki, hapahapa, shambani kwa Baba, chini ya jua lenyewe. Wakauliza kama nataka nakala ya barua yako ipelekwe kituoni kwenu. Nikasema ndiyo. Ketchum ameituma, itakuwa imefika kabla ya tarehe nane.

Najua nilichofanya. Usijisumbue kunieleza.

Opal zimeanza kutoka ardhini juzi, mstari wa kwanza hadi wa sita. Niliketi ukingoni nikazitazama mpaka mgongo ukauma. Ningependa kukwambia nilifurahi. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia kwamba zimeota, na mtu huyo kwa miaka yote alikuwa wewe.

Gunia utalikuta ndani ya kifurushi hiki, kwenye mfuko wa plastiki. Usishangae kwamba limelowa. Mama ndiye aliyelitia kwenye ndoo mwenyewe, na nyonga yake hiyo, akalikamua kidogo. Nilimwambia litavunda kabla halijafika Maryland. Akasema lifunge hivyohivyo, barua ya Thurl ikishafika kituoni mtoto atakuwa ameungua.

Ingekuwa ni mimi, ningekutumia likiwa kavu.

Verla